Simu ya Setilaiti na Maswali Mawili

Mshonaji alikuwa akipiga pindo sare za shule. Mumewe akaingia, meno yote nje.

"Mke wangu, tumetoka! Kuna simu ya setilaiti. Haihitaji mnara. Nimeijaribu mwenyewe, sauti safi! Kampuni inauza hisa, mwisho kesho."

"Kwa pesa ipi?"

"Ile ya cherehani ya pili."

Mshonaji aliumia. Pesa ile waliiweka kwa kujinyima. Lakini kumpinga mumewe akishapenda kitu ni kutwanga maji kwenye kinu. Akamwita jirani yao, fundi wa minara ya simu.

"Simu si ya uongo," fundi alisema. "Inaokoa watu porini na baharini. Ila jirani, wewe uliijaribu peke yako. Setilaiti inabeba mazungumzo machache kwa wakati mmoja. Wateja wakizidi, wengine hawapati laini. Wakiwa haba, gharama hairudi. Kabla hujanunua hisa, uliza: mtandao unabeba watu wangapi? Na wanaoitaka simu ni wangapi?"

"Mafundi kwa kukatisha tamaa, hamjambo!" mume alinuna.

Kesho yake mume na mke walikwenda wote wawili. Uani kwa kampuni, watu walijipanga foleni kununua hisa. Mume aliwahi mbele. Mezani kulikuwa na simu za majaribio.

"Kaka, naomba tuzipige zote kwa pamoja," mshonaji alimwambia wakala aliyekuwa akiuza hisa.

Walipiga. Chache ziliita. Nyingine zilijibu kwamba mtandao umejaa. Wakala akafuta jasho.

"Kwa sasa setilaiti ni moja, dada. Tutaongeza."

"Kwa pesa ya nani?"

Wakala akaanza kuzikusanya simu.

"Haya, jamani," mshonaji aliwageukia wenziwe. "Hisa tunazitaka. Simu yenyewe, nani atanunua aitumie?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Hata wewe, mume wangu?"

"Mimi? Niende nayo wapi? Simu yangu inashika mtandao mpaka jikoni!"

Akashtukia alichosema. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, kisha akatoka kwenye foleni taratibu.

"Basi tukanunue cherehani," alisema.

Wakainunua siku hiyohiyo, wakaipeleka nyumbani. Safari hii aliyeuliza maswali alikuwa mume.

"Inashona sare ngapi kwa siku?"

Mshonaji akamtajia idadi papo hapo.

"Na wanaozitaka?"

"Fungua mlango uwahesabu. Wamekuja na vitambaa vyao."