Matone ya Nkambo Albertine

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Syntiche alimtilia bibi yake dawa ya jicho. Nkambo Albertine, kama alivyomwita bibi huyo, alikuwa ameondolewa mtoto wa jicho wiki mbili zilizopita. Mama yake aliondoka alfajiri kwenda sokoni, kwa hiyo kazi hiyo aliachiwa Syntiche, msichana wa miaka kumi na miwili, nyumbani kwao katika mtaa wa Katuba.

Chupa zilikuwa mbili: moja ya kuponya kidonda, nyingine yenye kifuniko cha bluu, ya kushusha presha ya jicho. Kati ya tone na tone alipaswa kungoja dakika tano. Dakika hizo zilimuudhi, maana nje rafiki yake Myriam alikuwa akimwita wakacheze nzango, mchezo wa wasichana wa kuruka na kurusha miguu. Siku moja akatia dawa ya chupa ya kwanza mara mbili, harakaharaka, ili Nkambo ahisi matone mawili, ile ya bluu akaiacha, akakimbia. Kesho yake akafanya vilevile. Ikawa desturi.

"Umetia zote mbili, mujukuu wangu?"

"Zote, Nkambo."

Siku ya kurudi hospitali, Dokta Kambale alipima jicho akakunja uso.

"Mama, presha imepanda sana. Ikikaa hivi itaua mshipa wa jicho, na mwanga ukipotea haurudi. Dawa mulitia kila siku?"

"Kila siku, dokta," Nkambo akajibu kwa fahari. "Huyu mutoto iko na moyo muzuri."

"Basi dawa imeshindwa. Itabidi tupasue tena."

Nkambo akaushika mkono wa Syntiche. "Labda ni mimi," akanong'ona. "Labda nilifumba jicho, dawa ikamwagika."

"Si Nkambo," Syntiche akasema. "Ni mimi. Ile ya bluu sikutia, siku nyingi. Nilikuwa nakimbilia kucheza."

Nkambo akauachia mkono wake. Hilo lilimuuma Syntiche kuliko kofi.

Dokta aliweka kalamu chini, akamtilia Nkambo dawa palepale, kisha akaagiza waitie vizuri kwa wiki moja. Wiki hiyo Mama ndiye aliyeitia, kabla ya kwenda sokoni. Waliporudi, presha ilikuwa imeshuka. Hakuna kupasuliwa tena. Lakini Syntiche bado hakuweza kuinua macho.

"Kuacha dawa ni kosa," Dokta Kambale akamwambia. "Uongo ni kosa kubwa zaidi. Kwa maneno uliyomwambia nyumbani, nilikuwa karibu kumpasua bibi yako bure. Mganga hutibu kwa kuamini anachoambiwa."

Machozi yakamtiririka. Nkambo akamshika bega.

"Kesho asubuhi utanitilia dawa," akasema. "Wewe, si muntu mwingine."