Kadi Ndogo ya Ofisi ya Ramani

Mwizi alikuwa mtu wa adabu. Alifungua kompyuta, akatoa kadi ya grafiki, akarudisha kifuniko mahali pake, na kabla ya kuondoka akaifunika mashine kwa leso ileile inayoikinga na vumbi.

Inspekta Jumwa wa kituo cha Garsen aliitazama hiyo leso kabla ya kuigusa. Kwa miaka kumi na saba ya upelelezi alikuwa amewaona wezi wanaovunja milango, wanaotoboa mapaa, hata mmoja aliyepitiwa na usingizi katikati ya wizi. Mwizi anayejali vumbi hakuwahi kukutana naye.

"Nani aligundua?"

"Mimi." Aliyejibu ni Bahiya, msichana wa kijiji cha Hewani, mchoraji wa ramani. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti haikutetemeka.

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na robo, asubuhi hii. Niliiwasha, nikafungua picha ya droni, ikaganda. Nikajua kadi haimo."

"Ulijuaje hata hujafungua?"

"Iliganda vile ilivyokuwa ikiganda zamani, afande."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, mali ya kamati ya wakulima na wafugaji wa mtoni. Kwa mwaka mzima Bahiya alikuwa akichora ramani ya kuonyesha mashamba yanakoishia na malka zinakopita. Malka ni njia ya ng'ombe kushuka mtoni kunywa maji. Ikizibwa, ng'ombe hupita mashambani, na watu hushikiana mapanga. Baba yake Bahiya aliuawa katika ugomvi wa namna hiyo miaka minane iliyopita. Ijumaa pande zote mbili zingekutana kuitia sahihi ramani hiyo. Leo ilikuwa Jumatano.

"Kompyuta yenyewe ni kuukuu," Jumwa alisema. "Mbona hamkununua mpya?"

"Mpya hatuiwezi. Nikatafuta kadi ambayo hii itaiweza."

Akamkabidhi daftari la shule. Jumwa alilifungua ili atafute jina la muuzaji, akajikuta anasoma ukurasa baada ya ukurasa.

Binti huyu alikuwa amepima tumbo la kompyuta kwa rula, akachora umbo lake na vipimo vyake. Sanduku ni jembamba, kwa hivyo kadi lazima iwe ya kimo kifupi, yenye bati fupi la kuishikia. Alikuwa ameingiza tochi na kusoma kibandiko cha kisanduku cha umeme: wati mia mbili na arobaini, wala hakuna waya wa ziada. Pembeni akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba kadi itakayodai waya wake yenyewe haifai hata ikitolewa bure. Akampigia simu muuzaji wa Mombasa mara sita. Alimtaka aweke rula kando ya kadi, apige picha, amtumie. Kisha akamtaka aiwashe saa nzima bila feni chumbani, kwa kuwa Garsen si Mombasa, na joto la huku halina mzaha.

"Muuzaji hakukuchoka?"

"Alichoka. Lakini kadi ikaingia mara ya kwanza."

Jumwa alilifunga daftari taratibu. Ndani ya nafsi yake alitamani nusu ya wapelelezi wake wangeandika jalada namna hii.

Kando ya kompyuta palikuwa na kadi nyingine, kubwa, yenye feni tatu zinazong'aa.

"Na hii?"

"Ya msaada. Mfadhili alituletea. Ni ya bei mara tano ya ile, lakini haiingii humu, na ingeingia ingekosa umeme."

Mwizi aliacha ya bei kubwa akachukua ndogo. Jumwa aliinama nyuma ya mashine.

"Waya wa skrini uko kwenye tundu gani?"

Bahiya akachungulia. "Tundu la zamani! Mimi niliuchomeka kwenye kadi."

"Ndiyo maana skrini iliwaka. Na kadi ilishikwa na nini?"

"Skrubu moja."

Skrubu haikuwepo. Waliitafuta mezani, sakafuni, hata chini ya jamvi. Mtu nadhifu hivi, aliyekumbuka hadi leso, skrubu alikwenda nayo wapi?

Mlangoni Jumwa alikuta kufuli mbili zilizoning'inia, nzima, hazina hata mkwaruzo.

"Mbili za nini?"

"Moja ya wakulima, moja ya wafugaji. Ufunguo wa wakulima anao Ami Kaviha. Wa wafugaji anao Mzee Galgalo. Asubuhi huja wote kufungua, nikimaliza huja wote kufunga. Jana nilifunga saa sita mchana nikaenda Hewani. Hawaaminiani, afande. Hata salamu hawapeani."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na chumba cha michezo ya kompyuta cha kijana anayeitwa Mahadi. Majirani walikuwa wamekwisha kumhukumu. Kwao, kijana na kompyuta vilitosha kuwa ushahidi.

"Ulimcheka Bahiya kwa kadi yake. Kweli?"

"Kweli, afande. Nilimcheka sana."

"Kisha ukaiiba."

"Madam, mimi nikiiba naiba ile kubwa! Ile ni moto. Hiyo ndogo mimi naipeleka wapi?"

"Yako ni ya aina gani?"

Mahadi alijikuna kisogo. Akanyooshea kidole sanduku jeusi lililolala pembeni bila uhai. "Nilinunua kubwa kama ile. Sikuangalia umeme. Ikafanya *paa*, moshi, kwisha. Bahiya akaja, akatazama, akaniambia kosa liko wapi bila hata kunicheka. Manze, ningemuuliza yeye kwanza."

"Nani basi angeitaka kadi ndogo?"

"Mwenye mashine nyembamba kama ile. Na hapa Garsen siijui nyingine." Akafikiri. "Ama mtu ambaye hataki ile mashine ione vizuri."

Jumwa alimtazama kwa heshima mpya. Akavuka barabara akarudi.

"Bahiya, ulipoifunga kadi, nani alikuwepo?"

"Jumatatu. Kompyuta haifunguliwi bila shahidi wa kila upande. Walikuwepo Ami Kaviha na Mzee Galgalo. Hakuna mwingine."

"Ulipomaliza, uliwaonyesha nini?"

"Picha. Nilizikuza kwa mara ya kwanza. Zamani nikikuza zinakuwa ukungu, kisha mashine inaganda. Jumatatu tuliona hadi mbuzi." Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nilifurahi nusura nilie."

Mchana huo wazee wawili waliandikisha taarifa kituoni, kila mmoja chumba chake. Jumwa alianza na Kaviha, mkulima wa Hewani, mzee wa sauti laini, ufunguo shingoni kwa kamba.

"Jana ufunguo wako ulikuwa wapi?"

"Hapa, shingoni."

"Hukumwazima mtu?"

"Mimi? Nikioga, naoga nao."

"Labda mtu aliuchukua umelala, mzee. Hutokea."

"Haitokei kwangu. Ufunguo huu haujaguswa na mkono mwingine tangu tupewe ofisi. Wafugaji wasije wakasema mkulima alizembea. Andika hivyo, afande."

Jumwa akaandika. Kaviha akatia sahihi.

Chumba cha pili Galgalo, mfugaji mrefu mwenye ndevu nyekundu za hina, alionyesha fundo katika ncha ya kikoi chake.

"Funguo iko hapa."

"Na jana?"

"Jana iko hapa hapa."

"Mtoto hakuchezea? Mke hakufua kikoi?"

"Hapana. Mke yangu mwenyewe hapana shika. Watu ya shamba wakisema Galgalo alipatia mtu funguo, hiyo ni uongo. Andika."

Akatia dole gumba.

Inspekta alikuwa amewafungulia kila mmoja mlango wa kutokea. Kusema tu kwamba ufunguo ulipotea kwa saa moja kungetosha. Lakini fahari haikuwaruhusu. Kila mmoja aliogopa zaidi kuonekana mzembe mbele ya upande wa pili kuliko kuonekana mwizi.

Akawaweka chumba kimoja. Bahiya, akiwa mlalamishi, alikaa karibu na dirisha. Jumwa alizilaza taarifa mbili mezani, ubavu kwa ubavu.

"Mlango una kufuli mbili. Hakuna iliyovunjwa. Haufunguki kwa ufunguo mmoja. Mzee Kaviha ameapa wake haujaguswa na mtu mwingine. Mzee Galgalo ameapa vivyo hivyo. Nawaamini nyote wawili." Akawatazama kwa zamu. "Sasa niambieni, mikono iliyofungua ni ya nani na nani?"

Kaviha alitazama ukuta. Galgalo aliguna, kisha taratibu akaanza kufungua fundo la kikoi. Ufunguo ukatoka. Nyuma yake ikadondoka skrubu moja ndogo, ikabingirika hadi katikati ya taarifa.

"Kadi iko kwake," alisema. "Skrubu mimi nashika. Yeye mimi hapana amini na vitu yote."

Ingekuwa siku nyingine Jumwa angecheka hadi machozi.

"Mbona hamkuvunja kufuli?"

"Mchana kweupe, kando ya barabara?" Kaviha alisema kwa sauti ya chini. "Wenye funguo wakifungua, hakuna anayegeuka kutazama."

"Na mbona hamkuiba kompyuta nzima?"

"Mkutano ungeahirishwa. Sisi tulitaka ufanyike."

"Na ramani ya ukungu."

"Na ramani ya ukungu. Watie sahihi, yaishe."

"Kuficha nini?"

Kaviha alimgeukia Bahiya, si Inspekta. "Ulikuza picha, mwanangu, hadi mistari ya mahindi ikahesabika. Ile malka ya juu ya Hewani. Mahindi yaliyoiziba ni yangu."

"Malka ile imeliwa na mto," Bahiya alisema. "Wafugaji wenyewe walituambia."

"Mto hapana kula," Galgalo alisema. "Mimi ndiye nilisema hivyo. Mimi nachunga hiyo njia. Yeye analima, mimi napata gunia nne kila mavuno. Watu yangu nikaambia mto imekula, wapite chini."

"Tangu lini?" Bahiya aliuliza.

Galgalo alimtazama Kaviha.

"Ami, tangu lini?"

"Miaka tisa."

Huko chini ndiko lilikokuwa shamba la baba yake. Miaka minane iliyopita ng'ombe walipita humo kwa kuwa njia yao haikuwepo tena, na baba yake akatoka na panga akidhani amedharauliwa, na wachungaji wakadhani amewafungia maji. Wote walidanganywa na watu wawili hawa.

"Ulimchimbia kaburi," Bahiya alisema. "Wewe ndiye uliyeshika jembe."

"Nilishika," Kaviha alisema, akafunika uso wake kwa viganja.

Konstebo aliipata kadi nyumbani kwa Kaviha jioni ileile, ndani ya debe la mbegu za mpunga, imefungwa vizuri kwa nailoni. Jumwa aliipiga picha, akaiandika katika orodha ya vielelezo pamoja na skrubu, kisha akavikabidhi kwa Bahiya kwa sahihi. Wazee wawili walifunguliwa mashtaka ya wizi. Seli ya Garsen ni moja, kwa hivyo walilala pamoja, migongo imeelekeana.

Ijumaa ukumbi ulijaa watu wa Hewani, Wenje na Chara, na wafugaji waliofika tangu alfajiri. Mbele ya mashahidi wawili wapya Bahiya aliichomeka kadi yake ndogo, akaikaza skrubu, akarusha picha ukutani. Jumwa alisimama nyuma. Alijiambia amekuja kulinda usalama, lakini alikuja kuiona ile mashine kuukuu ikifanya kazi. Ilifanya. Picha ilikua na kukua bila kusita, hadi mahindi ya Kaviha yakasimama mstari kwa mstari, na mstari mwekundu wa malka ukayapita katikati hadi kwenye maji.

Mama mmoja mfugaji wa Kiorma, Batula, aliinuka. "Njia hiyo tuliambiwa imeliwa na mto."

"Haikuliwa, mama. Iko."

"Na hilo shamba dogo chini yake ni la nani?"

"La marehemu baba yangu," Bahiya alisema. "Ng'ombe walipita hapa kwa sababu pale palikuwa pamezibwa. Yeye hakujua. Na nyinyi hamkujua."

Batula alikuja mbele, akasimama karibu na ukuta, akauweka mkono wake juu ya lile shamba dogo. Hakuna aliyemwambia aondoke. Bahiya alimngoja mpaka aliporudi kuketi, kisha akasogeza picha, akaanza kuwaonyesha malka inayofuata.