Asante ya Jana

Kila asubuhi, nikiwa natwanga viazi vikuu, Dikko hufika uani na kibuyu cha jibini kichwani.

"Asante ya jana, mama Yon," husema.

Huku Borgu, kaskazini mwa Benin, aliyekufaa jana unamshukuru tena leo. Dikko ni mwanamke wa Kifulani, kabila la wafugaji. Hutushukuru kwa maji ya kisima chetu. Majambazi walimfukuza kwao Nijeria, akavuka mpaka kuingia Benin na watoto na ng'ombe wachache. Akapiga kambi nyuma ya shamba letu.

Kisha ng'ombe wa kijiji wakaibwa. Mume wangu Sabi akafunga kisima kwa kufuli.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Wezi ni wageni hao hao."

"Baba Yon, hao wageni wameibiwa kabla yetu!"

"Wewe umehongwa jibini."

Siku ya kumpeleka binti yetu Yon kwa mumewe ikafika. Bwana harusi anakaa ng'ambo ya mpaka. Sabi alitaka tupite njia ya msituni, kama babu zetu.

"Kituo cha mpaka ni mbali," alisema. "Na maswali yao! Wataniuliza hata jina la kuku."

Tulikuwa tunafunga mizigo Dikko alipotokea, bila kibuyu. Alisimama nje ya ua.

"Msipite msituni," alisema.

"Mnywa maziwa, nani kakuita?" Sabi akafoka.

"Mla viazi, nimejiita. Nikikusubiri wewe nitazeeka. Sikiliza. Sisi wauza jibini tunapita kila njia, lakini ile tumeiacha. Kuna wanaume wageni wenye pikipiki. Wananunua mikate kwa magunia na petroli kwa madumu, na hawasalimii mtu. Kwetu walianza vivyo hivyo. Tuliwaona, tukanyamaza, kila mtu akilinda chake. Wakamchukua mume wangu. Mpaka leo hajarudi."

Sabi aliinamisha kichwa. Niliona haya kwa niaba yake.

"Na kituoni wanataka nini?" aliuliza, safari hii kwa upole.

"Mimi walitazama kitambulisho changu, wakauliza naenda wapi. Basi. Anayejua umepita ndiye atakayejua hujafika. Msituni nani atajua?"

"Haya ya pikipiki umemwambia mkuu wa kijiji?"

"Mgeni uliyemfungia kisima, nani atamsikiliza?"

Sabi alivaa kofia, akafuatana naye hadi kwa mkuu wa kijiji. Mkuu akawapigia simu askari.

Sisi tukashika barabara kuu, kila mtu mzima na kitambulisho chake. Kituoni Sabi aliulizwa jina lake na aendako. La kuku hawakuuliza. Jioni Yon akaingia kwa mumewe kwa ngoma na vigelegele.

Tuliporudi tulikuta kijiji kizima kinaongea. Askari walikwenda msituni siku ile ile na kuwakuta majambazi wakiotea njia. Baadhi walikamatwa, wengine walikimbia na kuacha ng'ombe wetu. Nilikaa chini nikalia. Mwanangu angekuwa mikononi mwao.

Siku hizi anayeona jambo geni haendi nalo kitandani, anamwambia mkuu. Mgeni akija, anapelekwa kwa mkuu ajulikane, apewe mahali. Na harusi zetu zinapita kituoni.

Sabi alifungua kisima, akambebea Dikko viazi hadi kambini na kumwomba radhi. Asubuhi yake akaenda tena kushukuru. Na kesho yake tena.

Dikko akacheka. "Mla viazi, umeshanishukuru! Ya jana imekwisha."

"Haijaisha," Sabi alisema. "Nimempigia Yon simu sasa hivi. Ameamka salama, anamfokea mumewe. Asante ya jana, dada yangu."