Uzi wa Koja la Asumini

Asubuhi hiyo gati lilifurika wageni wanaosubiri boti ya kwenda kwenye meli ya kivita iliyozama. Nohea, mtembezaji wao, alikuwa akiwapanga foleni, sare imenyooka kwa pasi, mara tabasamu likamganda usoni. Ikaika, mpenzi wake! Mwezi mzima anampigia simu hapokei, leo huyo hapo, kavaa shati la maua, kamshika mkono shangazi yake.

"Sikukufuata wewe," Ikaika akawahi. "Shangazi Momi kataka kuiona meli. Kesho nahamia Las Vegas."

"Las Vegas? Wewe usiyemaliza siku mbili bila kuogelea?"

"Bora nikaukie jangwani kuliko kudharauliwa. Koja la maua ya asumini nililokutungia mwenyewe ukalivua nikikuona, ukampa mzee wa watu!"

"Nilidhani umeshaondoka, Ika. Ungenisikiliza tu..."

"Mnapanda boti au mnagombana?" Shangazi Momi akauliza. "Miguu inaniuma."

Visiwani kwao, kuvua koja mbele ya aliyekuvisha ni kumwambia sikutaki. Nohea alilijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana lilimchoma.

Ndani ya boti alishika kipaza sauti. Aliwaeleza wageni habari za mabaharia waliolala ndani ya meli tangu vita, kisha akaliacha somo lake la kila siku.

"Mwezi uliopita alikuja mzee ambaye kaka yake yumo humo. Maua yake yalikuwa yamechukuliwa na wakaguzi uwanja wa ndege. Alisimama mikono mitupu, analia. Nikampa koja langu, na nililipenda kuliko kitu chochote nilicho nacho. Tukachomoa uzi, maana kasa wakiumeza wanakufa, tukazimwaga asumini juu ya kaka yake."

Ikaika alikuwa akitazama maji. Nohea hakujua kama amesikia.

Walishukia kwenye ukumbi wa kumbukumbu uliojengwa majini juu ya meli. Humo watu hawaongei, na mwenye kuisimamia kanuni hiyo ni Nohea mwenyewe. Boti ya kurudi ilikuwa tayari inakuja. Alimsogelea Ikaika, akakunja mkono wa sare yake. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa amejifunga uzi mwekundu, umepauka kwa kuoga nao. Ikaika aliutambua. Alikuwa ameuchukua mwenyewe kwenye kikapu cha mama yake cha kushonea, kutungia lile koja.

Midomo ikamcheza. Alijizuia, akashindwa.

"Nohea," akanong'ona, "nikuoe?"

"Shhh!" Watalii wote wakamgeukia.

Nohea alikuwa na maneno ya mwezi mzima kifuani. Akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha Ikaika, kisha, machozi yakimtiririka, akaitikia kwa kichwa, mara mbili, asije akamwelewa vibaya tena.

"Basi hiyo tiketi ya Las Vegas nipeni mimi," Shangazi Momi akasema, kwa sauti yake yote.