Mtungi Uliofungiwa Stoo

Mtungi ulijazwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri ulikuwa mkavu. Devotha alidhani umepasuka. Akaupapasa chini, hakuna unyevu. Ndipo akasikia kata ikikwaruza ndoo jikoni, krrr, krrr. Mama yake, Bernadeta, alikuwa anakunywa maji ya kufulia.

"Mama! Machafu hayo!"

"Si mimi ninayekunywa," mama akasema taratibu. "Kuna mtu ana kiu humu ndani."

Mungu wangu! Wiki ya pili hiyo mama hali, choo hapati, mifupa inamuuma, mchana kweupe anaongea na ukuta. Baba, mzee Severin, akamleta mganga Kibwana kutoka Mwembesongo hadi nyumbani kwao Bigwa. Kibwana akafukiza ubani, akanong'ona, "Jini wa mto huyu, na mnamnywesha wenyewe. Mnyimeni maji siku tatu, atatoka."

Wakamwamini, masikini. Mtungi ukafungiwa stoo, ufunguo ukakaa shingoni mwa baba pamoja na rozari. Siku ya kwanza mama aliomba. Ya pili alitukana. Ya tatu alikwaruza mlango wa stoo kwa kucha, akiita kwa sauti nzito, kavu, ambayo Devotha hakuijua, na moshi wa ubani ukawaziba pua, na baba akaushika ufunguo kwa mikono miwili huku analia, mpaka kule kukwaruza kukakoma ghafla. Devotha akaita bajaji.

Hospitali, daktari Juliana akauliza, "Shikamoo mzee. Aliwahi kuugua saratani?"

"Marahaba. Ya titi, ila alipona. Tulitoa hadi misa ya shukrani."

Daktari akapima damu, akarudi ameinamisha kichwa. "Imerudi, mzee. Iko kwenye mifupa, inamwaga madini ya kalisiamu kwenye damu. Ndiyo iliyomkausha na kumvuruga akili. Alihitaji maji. Maji mengi."

Baba akashika shingo yake palipokuwa na ufunguo.

Wakamtundikia dripu, wakamchoma dawa ya mifupa. Siku ya nne mama akafumbua macho. "Devo, umekula?" Devotha alilia kwa furaha.

"Kalisiamu itapanda tena," daktari akamwambia Devotha pembeni. "Tutaishusha. Ipo siku haitashuka."

Wiki ya sita tangu watoke hospitali, saa saba mchana, Devotha alikuwa uani anachambua mchicha. Krrr, krrr. Baba, aliyekaa kwenye kigoda, akaziba masikio.

"Devo," sauti ile nzito, kavu, ikaita kutoka ndani. "Mwambie baba yako afungue mlango wa stoo."

Mlango huo baba alikwisha kuung'oa, siku ile ile waliyotoka hospitali.