Nilimfundisha Kutoa Habari Mbaya, Akaanza na Mimi

Nina miaka thelathini na mitatu, naishi Kangemi, na hadi mwaka jana nilikuwa mgonjwa kwa mshahara. Msishtuke! Chuo kimoja hapa mjini kilituajiri waigizaji tujifanye wagonjwa, ili madaktari wanafunzi wajifunze kuongea na watu. Leo nina saratani, kesho nimefiwa na mume. Kisha namwambia mwanafunzi alivyonitendea: hukunitazama usoni, ulinikatiza...

Huko ndiko nilikokutana na Kimani, mmoja wa wanafunzi hao.

Vitabuni alikuwa moto. Lakini mdomo wake, Mungu wangu! Alitangaza kifo kama anayetangaza bei ya sukuma wiki. Siku aliyofeli zoezi alinifuata nje machozi yakimlengalenga.

"Mumbua, nisaidie. Hawa watu watanifukuza."

Nikamsaidia. Jioni nyingi tulikaa chumbani kwangu nikimfundisha. Keti, usiseme umesimama. Muulize anajua nini. Mwonye kwamba habari si nzuri. Sema ukweli kwa maneno machache, kisha nyamaza, alie.

Tukapendana. Nikampeleka kwetu Machakos, akajitambulisha kwa wazazi. Baba alimchinjia mbuzi! Mimi nilijiona mke wa daktari tayari.

Siku moja akaniita Kenyatta Market tule nyama choma. Akavuta kiti karibu. Akazima simu.

"Mumbua, kabla sijasema kitu, wewe unaona mambo yetu yamefika wapi?"

Nikacheka. Nilidhani pete imefika!

"Nina jambo ambalo si rahisi kulisikia," akasema polepole. "Nitamuoa Wangari."

Wangari alikuwa mwanafunzi mwenzake, binti wa mtaa wa matajiri wa Kitisuru, ambaye babake ana hospitali. Kimani akainamisha kichwa, akanyamaza. Akanisogezea tishu. Akanipa nafasi nilie...

Wasomaji wenzangu, mnaona? Kila hatua ilikuwa yangu! Hata kule kuinamisha kichwa nilimfundisha mimi. Afadhali angenitukana! Niliondoka nikiapa kwamba atanilipa.

Mtihani wa mwisho ulipofika, nikapangiwa chumba kimoja naye. Sheria ilisema ukimjua mtahiniwa useme, ubadilishwe. Nilinyamaza. Siku hiyo nilikuwa nimeiomba kwa magoti!

Niliigiza mke aliyefiwa na mumewe wodini. Kimani aliingia, akaniona, akasita mlangoni. Watahini wawili walikaa kando. Alianza vizuri, lakini aliposema pole nikamkazia macho.

"Daktari, hiyo pole imetoka moyoni ama umekariri?"

"Imetoka moyoni, mama."

"Mbona basi hunitazami?"

Jasho likamtoka. Mimi sikuvuka mipaka ya mchezo. Mjane yeyote mwenye uchungu angeuliza hivyo. Nikaendelea taratibu, kama anayezungusha kisu.

"Ni wangapi umewaambia hivyo, daktari? Wote uliwapa tishu?"

Akaruka kutoka kitini. "Nyamaza wewe! Wewe ni mwigizaji tu, hata hujafiwa!"

Mtahini mmoja, mama mwenye mvi, akaweka kalamu chini.

"Wagonjwa wako utawaambia hivyo, daktari?"

Akafeli! Nilitembea kutoka mjini hadi Westlands nikicheka peke yangu kama kichaa.

Kicheko hakikudumu. Kimani alienda kwa mkuu wa chuo akaeleza kwamba tulikuwa wapenzi. Nikaitwa, nikafutwa kazi papo hapo. Yeye akaruhusiwa kurudia mtihani mbele ya mgonjwa mwingine. Akapita.

Habari zikamfikia Wangari, akanipigia simu. Aliuliza jambo moja tu: ni kweli Kimani aliwahi kwenda kwetu? Nikamwambia yote bila kumficha kitu. Akakata simu bila kuaga. Harusi haikufanyika.

Sasa nauza mitumba sokoni Kangemi. Je, ninajuta? Kimani simhurumii hata chembe! Nikisikia bado anaishi peke yake, chakula hunishuka vizuri. Ninachokililia ni ile kazi. Kulikuwa na wasichana na wavulana waliokuwa wakitetemeka mbele ya mgonjwa, wakanitegemea, nami nikawapoteza wote kwa ajili ya mwanamume mmoja.

Dada zangu, usimfundishe mtu maneno matamu ukadhani umempa na moyo. Mtazame anavyomtendea mtu asiye na faida kwake tena. Na akikuumiza, lia, mseme hadharani, mshitaki kwa wazee ukitaka, lakini usilipize kisasi kwa kazi inayokulisha! Mimi nilimwangusha Kimani kwa siku moja tu. Leo yeye anaitwa daktari, na mimi nimekaa hapa juani, namwita kila anayepita aje achague blauzi.