Pilipili Kwenye Taulo

Kila Jumamosi asubuhi Mapepe alimpelekea baba yake chai karakanani. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kabla ya kuanza kuchomelea aligonga chuma mara tatu ili kila aliye karibu ageuke. Jina la Mapepe msichana huyo alilipata nyumbani kwa kutotulia kwake, na Jumamosi hiyo alilistahili. Baba alipogonga, yeye alivaa miwani ya jua ya mama yake, akasimama nyuma ya pipa na kutazama geti likiunganishwa mpaka mwisho. Aliona miwani hiyo ni sawa tu na kinyago cha fundi. Si vyote vyeusi? Hakumwambia mtu.

Jioni, baada ya kuoga, alijifuta uso kwa taulo lililoanikwa kambani. Haukupita muda mrefu, macho yote mawili yakaanza kuwaka kana kwamba yamejaa mchanga. Hata taa ya sebuleni hakuweza kuitazama.

Papo hapo alimshuku binamu yake. Binamu alikuja kukaa nao ili asome, na mchana wa siku hiyo walikuwa wamenuniana kwa ajili ya kitanda. Tena ndiye aliyetwanga pilipili jikoni, na ndiye aliyeanika lile taulo. Binamu alipomletea maji safi ya kunawa, Mapepe aliyakataa. Nani ajuaye yalikuwa na nini?

"Amelipaka taulo pilipili," alisema. "Linuseni muone."

Mama alinusa, akapiga chafya. Basi, kesi ikaisha. Baba, ambaye hasira zake zilikuwa karibu, alimwambia binamu afungashe nguo zake. Kesho angerudishwa kwao. Binamu alisema tu kwamba hakufanya hivyo, kisha akaanza kukunja sare yake ya shule.

Baba alimpeleka Mapepe zahanati, mtaa wa pili. Muuguzi, mama mmoja asiye na papara, aliisikiliza habari ya pilipili yote. Akaeleza kwamba macho huuma ghafla kwa mambo mengi: vumbi, sabuni, mkwaruzo, hata ugonjwa. Lakini pilipili huwasha machoni pale pale inapogusa, na vumbi mara nyingi huingia jicho moja. Harufu ya kwenye taulo huenda ilitoka tu kwenye mikono iliyotwanga. Kisha akalitazama shati la baba, lililojaa vitundu vya cheche.

"Mwanangu, leo asubuhi ulikuwa wapi?"

Mapepe alipima mambo mawili. Akisema, atagombezwa. Asiposema, binamu ataondoka kesho na shule yake itaishia hapo. Aliona aibu kubwa.

"Nilitazama moto wa baba," alisema. "Nilivaa miwani ya mama."

Muuguzi alisema mwanga ule huunguza macho, na maumivu hukawia saa kadhaa. Miwani ya jua haikingi macho na mwanga huo. Alimpa dawa, akamwonya asiyasugue macho wala asitie kitu kingine.

Nyumbani walimkuta binamu ameketi juu ya begi lake.

"Nilikusingizia," Mapepe alimwambia. "Nisamehe."

Binamu alilisogeza begi kando. Halafu akauliza kama macho bado yanauma, na hapo Mapepe akalia kweli kweli.

Baba alichuchumaa mbele ya binamu, akamwomba radhi naye pia. "Nimekuhukumu bila kuuliza," alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, ukiumia, anza kusema ulichofanya mwenyewe, hata kama kitakutia aibu. Leo ulikaa kimya, na mwenzako alikuwa karibu kukosa shule kwa kosa lako."